Kilikuwa kweli siku niliyokiandika

Nilijaza fomu ya mkopo nikiwa na kazi moja, na mkopo ulipokaribia kutoka nilikuwa nimeshahamia nyingine. Sikumwambia mtu. Kazi mpya ilikuwa na mshahara mnono zaidi, nikajiambia kwamba benki wakijua watafurahi, na wasipojua hawapungukiwi na kitu.

Siku tatu kabla ya kusaini mkataba, afisa mikopo akanipigia. "Ndugu, tumepiga simu kazini kwako kuhakiki. Wanasema uliondoka." Nikaanza kujieleza mbiombio, na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyosikika kama mtu aliyefumaniwa. Mkopo haukukataliwa, ulisimamishwa, ila kwa mtu ambaye ameshaahidi fedha hizo kwa wengine, kusimamishwa na kukataliwa havipishani sana. Nikatakiwa kuleta mkataba wa ajira mpya, hati ya mshahara wa kwanza, na barua ya kueleza kwa nini nilinyamaza. Hiyo barua ndiyo iliyoniuma.

Maana sikuwa nimedanganya. Kila nilichoandika kilikuwa kweli siku niliyokiandika. Hapo ndipo wengi tunapoteleza: tunaiona fomu kama picha iliyokwisha kupigwa, kumbe mkopeshaji anaisoma kama maelezo ya hali yako mpaka siku fedha zinapotoka. Fomu nyingi zina sentensi karibu na mahali pa sahihi inayokutaka utoe taarifa hali yako ikibadilika. Yangu ilikuwa nayo. Niliisoma baada ya ile simu.

Kinachomshughulisha mkopeshaji si ukubwa wa mshahara peke yake. Anauliza mshahara huo utaendelea kuingia kwa muda gani. Mtu aliyehama akabaki kwenye fani ileile, kwa mshahara wa mwezi uliopanda, kwa kawaida hana tatizo kubwa. Lakini akiwa kwenye kipindi cha majaribio, mwajiri anaweza kuachana naye kirahisi. Akihama kutoka mshahara wa kudumu kwenda kwenye kamisheni, kipato kinageuka kuwa makadirio. Na akijiajiri, wakopeshaji wengi watataka hesabu za miaka kama miwili, tena watatazama faida iliyobaki, si mauzo. Nimeona watu wakijaza mauzo ya mwaka mzima kwenye kisanduku cha kipato kwa moyo mweupe kabisa.

Kwenye kisanduku hicho nawalaumu pia wanaotunga fomu. Unakuta pameandikwa "Kipato", basi. Kabla ya makato au baada ya makato? Kwa mwezi au kwa mwaka? Posho zimo au hazimo? Bonasi iliyokuja mara moja mwaka juzi inahesabiwa? Ukikutana na kisanduku cha namna hiyo usibahatishe, uliza, na kama hakuna wa kumwuliza, andika pembeni: "kabla ya makato, kwa mwezi". Maneno matano tu, lakini yanakukinga usije ukaonekana umeongeza chumvi.

Na chumvi yenyewe haihitaji kuwa nyingi. Chukua mtu anayepata 100 kwa mwezi na marejesho ya madeni yake yote ni 40. Hiyo ni asilimia 40 ya kipato. Akijiandikia 125, kwa matumaini kwamba atapandishwa cheo, karatasi inasoma asilimia 32, na mkopeshaji anamwona ana nafasi ya deni jingine. Atampa. Mshahara utakapoingia, utaingia 100 uleule.

Wapo wanaoniambia kwamba ukisema kweli mkopo hupati. Pengine ni kweli, wakati mwingine. Lakini tulishaona mambo yalivyokwenda pale wakopeshaji wenyewe walipoacha kuuliza. Marekani, kabla ya msukosuko wa 2008, mikopo mingi ya nyumba ilitolewa kwa kipato ambacho mkopaji alikitaja tu, bila kuhakikiwa, hadi ikapewa jina la mikopo ya waongo. Sheria iliyofuata, ya mwaka 2010, ikawabana wakopeshaji wa nyumba wapime kwanza kama mtu ana uwezo wa kulipa. Na huko, anayetoa maelezo ya uongo kwa makusudi ili apate mkopo wa benki anaweza kufungwa hadi miaka 30. Mimi hilo la jela silitumii kumtisha mtu. Kinachonitisha mimi ni rejesho la kwanza.

Jingine: watu wengi wanaamini benki "wanajua tu", kwamba kuna kompyuta mahali fulani inayofuatilia mshahara wako. Ripoti za mikopo kwa kawaida zinaonyesha madeni na jinsi unavyoyalipa, si mshahara. Jina la mwajiri likiwemo, mara nyingi limetoka kwenye fomu ulizojaza zamani. Ukinyamaza, kinachobaki ni yale ya zamani.

Gumu kuliko yote ni pale kazi inapopotea kabisa katikati ya maombi. Najua ushauri huu ni rahisi kwa asiyefikwa, lakini piga simu siku hiyohiyo. Mkopo uliopitishwa kwa mshahara ambao haupo tena utaanza kudai kabla hujapata kazi nyingine. Na kama una bima ya mkopo, kuficha jambo kama hilo kunaweza kumpa mwenye bima sababu ya kukataa kulipa.

Barua yangu niliiandika mara tatu. Ya kwanza ilijaza ukurasa mzima kwa visingizio. Niliyopeleka ilikuwa na tarehe niliyoacha kazi, tarehe niliyoanza nyingine, mshahara kabla ya makato, na sentensi moja kwamba nilipaswa kusema mapema. Afisa aliisoma akiwa amesimama, kisha akauliza swali moja tu: "Majaribio ni miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Basi rudi baada ya miezi mitatu." Akaichomeka barua kwenye faili langu, juu ya ile fomu.