Nani Kakwambia Ulifute?

Wewe kijana wa kwenye mataa ya Mwenge, unayekimbilia magari na ndoo ya maji ya tangu asubuhi, sikiliza. Kwenye hii Suzuki ya turubai, kile cha mbele ni kioo. Kifute, na mia mbili yako utaipata zikiwepo. Lakini hicho cha nyuma na vile viwili vya ubavuni si vioo, ni nailoni, na hicho kitambaa chako kimebeba mchanga wa kujengea choo. Ukipitisha mara moja tu dirisha limekwisha: usiku taa za magari ya nyuma zinageuka ukungu mtupu, na dereva anarudi rivasi kwa kusikiliza. Halafu unafuta kwa kuzungusha! Nailoni haizungushiwi. Inamwagiwa maji mengi kwanza, vumbi liondoke lenyewe, ndipo kitambaa laini cha pamba chenye sabuni kidogo kipite, juu kwenda chini, bila kukandamiza. Petroli marufuku. Spiriti marufuku. Na yule mzee anayeshauri mafuta ya taa ili "ing'ae" ni kweli, itang'aa Jumamosi hiyo. Baadaye itakakamaa, itapiga manjano, na siku ya kuikunja itapasuka katikati.

Haya, nimeshasema.

Watu wanadhani kukaa na Suzuki ya turubai miaka na miaka ni habari ya injini. Injini ina nini? SJ410 ilitoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikiwa na mashine ya cc 970 na nguvu ya farasi 45 hivi. Ina kabureta, platini na plagi nne, na hakuna kitu humo ambacho fundi wa chini ya mwembe hajawahi kukishika. Gari zima halifiki tani moja. Likinasa kwenye tope, wanaume wanne na mama muuza mihogo wanalitoa na kurudi kwenye shughuli zao. Gari halina neno. Kinachokutafuna ni kile kitambaa cha juu, pamoja na kila raia mwenye maoni juu ya kitambaa hicho.

"Lina AC?" Lina. Fungua zipu.

"Kwa nini usiweke bodi la bati?" Kwa sababu mwenye kuuliza hachangii.

Wezi nao wana falsafa yao. Kufunga milango ya gari la turubai kwa ufunguo ni kumwomba mwizi atumie wembe, na turubai jipya linazidi bei ya chochote ulichoacha humo. Acha milango wazi, akague mwenyewe, aone hakuna kitu, aende kwa jirani mwenye bodi la bati. Cha thamani kiwe kwenye sanduku la chuma lililopigwa bolti nne sakafuni, na chini ya sakafu weka kipande cha bamba kila bolti, la sivyo sanduku litang'olewa na kipande cha sakafu juu yake.

Tuje kwa fundi turubai. Hapa naomba mnivumilie.

Fundi turubai anakaa na cherehani yake pembeni ya barabara, na anashona kila kisicho nguo: viti vya daladala, maturubai ya malori, mahema ya misiba, mabegi ya shule. Unamfikia kwa adabu zote, kwa sababu wiki mbili zijazo maisha yako yako mikononi mwake.

"Fundi, habari za kazi."

"Salama, bosi wangu. Hii? Hii kazi ndogo."

Ukisikia "kazi ndogo", kaa chini. Hajapima, hajagusa, hajauliza. Amelitazama gari kama mtu anayemfahamu baba yake. Anachomoa turubai la zamani, analitandika chini kwenye vumbi, anatoa mkasi. "Nitakata kwa kufuata hili."

Fundi, usifuate hilo! Turubai la zamani si kipimo. Juu limelegea kwa miaka ya upepo, kingo zimesinyaa kwa jua, na kila palipopasuka pamekunjwa na kushonwa, kwa hiyo pamepungua. Ukikata kwa kulifuata, jipya linazaliwa na ugonjwa wa mama yake. Turubai linapimwa juu ya gari lenyewe, mabomba ya fremu yakiwa yamesimama na kukazwa, kwa chaki. Unaacha sentimita mbili za mshono kila upande na nne za kukunja chini, maana vifungo vya kubana vinataka kitambaa mara mbili. Kikiwa kimoja vinang'oka na duara lao.

"Sawa, bosi, nimekuelewa," anasema, na mkasi umeshapita.

Unasonga kwenye uzi, labda huko kuna matumaini. "Fundi, uzi gani huu?"

"Uzi imara."

"Wa pamba au wa poliesta?"

"Wa kushonea, bosi."

Wa pamba unavimba ukilowa na kuziba matundu ya sindano, hilo tunaukubalia, ila masika na jua la Dar vinauozesha kabla hujalizoea gari. Unataka poliesta nene. Na hatua ya mshono iwe milimita nne hadi tano. Fundi anayeona fahari kushona hatua ndogo ndogo anakutobolea mstari mzima wa matundu yaliyobanana, na upepo wa lori moja pale Kibaha unamalizia kazi.

Zipu anayo. Ya godoro. Zipu ya gari ni ya meno makubwa ya plastiki, namba 10. Ya chuma, kwa hewa ya chumvi ya Kigamboni, inaota ukijani na kugoma katikati siku ya mvua. Hata hiyo ya plastiki inapakwa mshumaa mkavu, siyo grisi. Grisi inakusanya vumbi na vumbi linasaga meno.

Halafu anafunua nailoni ya dirisha, na hapo ndipo heshima yetu sote inapoanza kupungua. Ni nailoni ya kufunika meza. "Ni ile ile, bosi." Si ile ile, fundi. Ya dirisha inakaribia unene wa milimita moja. Ukiikunja kidogo na kuachia inarudi yenyewe. Hii ukiikunja inalala. "Lakini inaonyesha vizuri." Inaonyesha, ndiyo, ila ina maua ya waridi pembeni! "Maua nitayaficha kwenye mshono." Hayafichiki. Gari la kupandia milima linaondoka likiwa na bustani kwenye dirisha la nyuma.

"Lini litakuwa tayari?"

"Kesho kutwa."

Kesho kutwa amepata tenda ya hema la harusi. Kesho kutwa nyingine ni msiba, na huwezi kugombana na msiba. Gari liko uchi, mawingu yanatoka upande wa bahari, wewe umejifanya bundi, usiku kucha unasikiliza mabati.

Siku ya kuvalisha sasa. Kwanza rangi: mlikubaliana nyeusi, imekuja ya bluu, masalio ya turubai la lori, na ubavu wa kulia umeandikwa SHINYA, kwa sababu NGA imeenda kwenye kiti cha daladala. Unanyamaza. Unajiambia mtu mzima hagombani kwa ajili ya herufi. Mnalivuta. Limepungua nyuma sentimita tatu.

"Litavutika, bosi. Jua litalivuta."

Ni kweli turubai la plastiki huvalishwa saa sita mchana, likiwa limelainika, na hapo unapata nusu sentimita, moja ukiwa mcha Mungu. Tatu? Jua lilivute sentimita tatu? Jua lenyewe lina kazi nyingine! Fundi anarudi nyuma hatua mbili, anakunja mikono, anafikiri, na kisha anatoa kauli ambayo mtu anapaswa kuisikia akiwa ameketi.

"Bosi, tupunguze bomba."

Bomba la fremu. Lililotoka kiwandani. Lililosalimika mitaro, ng'ombe na mafundi tisa. Kitambaa kimekosewa, kwa hiyo chuma kikatwe kifuate kitambaa! Na mchomeleaji ameshaitwa, anakuja na gesi, anauliza "tunakata hapa?", na wapita njia wamesimama, na mmoja wao, ambaye hana hata baiskeli, anasema, "Kata tu, ni sentimita tatu."

Jamani. Jamani mtu akatae vipi? Mtu anataka paa. Hakuomba ghorofa, hakuomba kiyoyozi, aliomba kitambaa kinachofika kilipotakiwa kufika! Kiongezwe kipande nyuma, kishonwe safu mbili, basi, ndiyo dawa, na hata huo ushauri unapokelewa kwa masikitiko, kana kwamba ni mteja amekosa ujasiri.

Kuvalisha kwenyewe kuna mpangilio, na mvua ikija watu huufuata kinyumenyume. Ukingo wa mbele unaingia kwanza kwenye mfereji wa fremu ya kioo cha mbele, unausukuma kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ndipo unavuta nyuma kupita mabomba. Zipu zote ziwe zimefungwa kabla ya kukaza, maana zipu inayofungwa ikiwa imevutwa inaachia siku ya tatu. Vifungo vya chini mwisho kabisa, pembe kabla ya katikati. Na usilikunje likiwa limelowa ukaliacha nyuma ya kiti: ukungu unakula nyuzi na harufu inahamia kwenye mashati.

Maji yataingia hata hivyo. Yakubali, ila yatoe. Sakafuni kuna vizibo vya mpira. Ving'oe msimu wa mvua, na kapeti la manyoya mpelekee shemeji. Kutu inaanzia chini ya kapeti, kwenye kitako cha fremu ya kioo cha mbele, na pale bodi linapokaa juu ya mipira ya chasisi.

Msimu huohuo Msimbazi ukifurika, pale Jangwani pakafungwa, marafiki wote wanakukumbuka. "Wewe si una fowili?" Fowili ninayo, uzito sina. Maji ya magotini yanayotembea yanalibeba gari hili na abiria wake na SHINYA yao. Hata dimbwi lililotulia, ukishatoka, kanyaga breki kidogokidogo ngoma zikauke, kisha fungua nati ya kipimo cha difu. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: nyuma inakwenda lita moja na nusu hivi, mbele mbili, na transfa, ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, usiisahau, haifiki lita. Transfa ya gari hili imening'inia peke yake kwenye mipira mitatu, mbali na giaboksi. Mipira ikichoka vijiti vinatetemeka na kila fundi anakutazama kwa huruma na kusema "giaboksi".

Na stelingi. Ukifika kilomita 60 kwa saa ukapiga kishimo, usukani unacheza mdundiko. Mtaambiwa balansi, mtaambiwa alaimenti, mtauziwa shokapu ya stelingi. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mtu akanyage breki, utikise tena. Likiacha kucheza, ni beringi ya gurudumu. Likiendelea, ni beringi za king pini, zile pini ambazo gurudumu hugeukia likikata kona: fungua kofia yenye bolti nne, punguza shimu nyembamba moja, yaani kibati cha kujazia nafasi, rudisha, pima. Kazi ya asubuhi moja na chai. Huyo aliyekujazia upepo wa lori kwenye tairi naye ana mchango wake; gari jepesi hivi, psi 20 na kitu zinatosha.

Tochi za askari za kupima mwendo tusiziogope sana, isipokuwa kwenye vibao vya hamsini. Kwenye themanini gari lenyewe linakuonya, kwa sababu turubai linapiga makofi na abiria wa nyuma anaanza kusali.

Kilichobaki ni honi. Waya wa honi unapita ndani ya nguzo ya stelingi, na plastiki yake ikichubuka, shaba inagusa chuma kila ukikata kona kulia, na honi inalia yenyewe. Dawa yake ni kufungua stelingi nati ya katikati, kubadili kipande cha waya na kukivalisha mpira. Usiahirishe. Mwenye kuahirisha anaingia kipilefti cha kwanza, honi inalia duara zima, na watu wa kijiwe cha bodaboda wanadhani wamesalimiwa. Wanapunga. Kesho yake wanapunga kabla ya honi. Siku waya ukitengenezwa, ukapita kimya, wanasema huyu jamaa tangu aweke turubai jipya amejaa majivuno, tena turubai lenyewe la Shinyanga.