Daktari wa meno mwenye dhahabu ya Olimpiki

Kwenye grupu la wazazi kuna mtu kaandika kwamba mtoto wa kidato cha tatu anayeenda mazoezini kila jioni ameshachagua kufeli, na wazazi kibao wakaunga mkono. Imeniuma kwa kweli. Nani katuambia mtu anaweza kitu kimoja tu?

Mfikirieni Gillian Sheen. Kazaliwa London 1928, kasomea udaktari wa meno na ndiyo kazi iliyokuwa inamlisha, halafu mwaka 1956 kule Melbourne huyohuyo daktari akabeba dhahabu ya Olimpiki kwenye mchezo wa vitara, ule wa kupambana kwa panga nyembamba. Mpaka leo Uingereza haijapata dhahabu nyingine kwenye mchezo huo! Wanawake wao walishachukua fedha mara tatu mfululizo, 1924, 1928 na 1932, dhahabu ikawa inawapita hivihivi.

Na hakuipata kirahisi. Fainali ilikuwa ya kukutana wote kwa wote, mwisho yeye na Olga Orban wa Romania wakalingana ushindi, ikabidi warudi ulingoni wawili tu. Silaha yao ilikuwa foili, ambayo unapata pointi kwa ncha tu na lazima iguse kiwiliwili, ukimgusa mwenzio mkono umepoteza nafasi. Gillian akashinda 4–2. Mimi siamini kabisa kwamba kazi yake ilimrudisha nyuma, mtu ambaye siku nzima ameshika chombo chenye ncha ndani ya mdomo wa mgonjwa, huku mgonjwa anaogopa, huyo utulivu anaufanyia mazoezi kutwa nzima. Mwenzake wa timu, Mary Glen-Haig, naye alikuwa kwenye utawala wa hospitali, na alicheza Olimpiki nne.

Haya, enzi zile Olimpiki ilikuwa michezo ya ridhaa, hakuna mshahara, wengi walilazimika kuwa na kazi nyingine. Hilo nakubali. Ila dhahabu haikumwondolea udaktari, Gillian aliolewa na daktari wa meno mwenzake, wakahamia Marekani na wakaendelea kutibu watu huko.

Kwa hiyo mzazi anayetaka kumtoa mtoto uwanjani alete matokeo ya mtoto huyo, ya kabla ya kuanza mazoezi na ya sasa hivi, tuyaangalie pamoja na mtoto mwenyewe akiwepo.