Bastola ya wakala: sekunde mbili na upande wa nondo

Wakala wa pesa akivamiwa jioni akapigwa risasi, kesho yake mtaa mzima husema jambo moja: hawa watu wapewe silaha. Ukitafakari kazi yenyewe, hoja hiyo haishangazi. Wakala anakaa kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara, anahesabu noti mbele ya macho ya wapita njia, kisha saa mbili usiku anafunga hesabu na kutembea na mauzo ya siku nzima mkobani. Mnunuzi wa dhahabu machimboni na mwenye kituo cha mafuta wana shida hiyo hiyo, tena kwa fedha kubwa zaidi.

Kisheria mlango uko wazi. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inayomruhusu raia kumiliki silaha kwa leseni baada ya kuchunguzwa tangu ngazi ya mtaa au kijiji hadi polisi. Kenya ina Bodi ya Leseni za Silaha, na Desemba 2018 wenye leseni wote waliamriwa kuhakikiwa upya. Kwa hiyo tunachopima hapa ni kama bastola kiunoni inamwongezea mtu wa kazi hii nafasi ya kurudi nyumbani, au inampunguzia.

Wanaosema inamwongezea wana hoja nzito, na wengi wanaowapinga kutoka mjini huzipuuza. Ya kwanza ni umbali. Kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo, Geita au Chunya, kituo cha polisi kinaweza kuwa mwendo mrefu wa barabara ya vumbi, na gari la doria likiwa na mafuta ni bahati. Anayegongewa mlango saa nane usiku na watu watano hana wa kumwita atakayefika kabla mambo hayajaisha. Ya pili ni aina ya silaha za wavamizi. Uvamizi mwingi wa vijijini hufanywa kwa mapanga, nondo na magobore. Mtu aliye ndani ya nyumba, nyuma ya mlango wa nondo, akiwa na shotgani, ana nguvu kuliko kundi lote lililo nje, na kundi linalijua hilo. Mara nyingi haitahitajika hata risasi moja. Mlio wa kukoki, yaani kuiweka risasi tayari kufyatuliwa, peke yake unaweza kutosha kuwaondoa. Ya tatu ni kwamba sheria yenyewe inaitambua haki hiyo: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kuanzia kifungu cha 18, inampa mtu haki ya kujilinda yeye, mwenzake na mali, kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo.

Ila angalia vizuri mfano niliotumia. Kuna mlango, nondo, giza lililo upande wa mwenye nyumba, na muda. Toa hivyo vinne na hesabu inageuka.

Uporaji wa wakala barabarani una sura nyingine. Pikipiki yenye watu wawili inakuja kwa mwendo wa kawaida, aliyekaa nyuma anashuka au hata hashuki, silaha inatokea wakati umbali umebaki hatua mbili. Pikipiki inayokwenda kilomita 30 kwa saa inakata zaidi ya mita 8 kila sekunde. Mtu aliyefanya mazoezi ya kutosha huchukua kati ya sekunde moja na nusu na mbili kuinua shati, kushika bastola, kuitoa na kulenga. Katika sekunde hizo mbili pikipiki imeshakata mita 17. Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari wa Salt Lake City nchini Marekani, aliandika juu ya jaribio lake maarufu: mtu mwenye kisu anakata mita 6 na kitu kwa takriban sekunde moja na nusu, muda uleule anaouhitaji askari aliyefunzwa kuchomoa na kupiga. Huyo ni askari, amevaa bastola nje ya nguo, na anajua kwamba jaribio linaanza. Wakala ameinama kwenye droo anatafuta chenji.

Halafu kuna mkono. Wengi hubeba bastola bila risasi kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa, na kwa usalama wa nyumbani ni uamuzi wenye akili. Lakini kukoki kunataka mikono miwili, na wakala mkono mmoja umeshika mkoba wa pesa au simu. Atabaki na moja kati ya mambo mawili: autupe mkoba, jambo ambalo angelifanya tangu mwanzo lingemaliza tukio, au avute slaidi, kile chuma cha juu ya bastola kinachorudi nyuma, kwa kuisugua kwenye mkanda kama alivyoona kwenye video. Ukibeba risasi ikiwa chemba, unahitaji hosta ngumu, yaani mfuko wa bastola wa kiunoni, inayofunika kifyatulio chote. Bastola iliyochomekwa tu kwenye suruali ya jinzi, ndivyo wengi wanavyoibeba, imewatoboa mapaja wenyewe wakati wa kukaa kwenye kiti cha gari au kuchutama. Ncha ya shati au kamba ya koti ikiingia mbele ya kifyatulio wakati wa kurudisha bastola mahali pake, inafanya kazi ya kidole.

Tuseme ameiwahi na amefyatua. Atampata aliyemlenga? Shirika la utafiti la RAND lilichambua rekodi za polisi wa jiji la New York za miaka ya 1998 hadi 2006. Pale ambapo mtuhumiwa naye alikuwa anapiga risasi, askari walipata shabaha asilimia 18 tu ya mara walizofyatua. Ni askari wenye mazoezi ya lazima kila mwaka. Raia wa kwetu aliyepiga risasi chache siku ya kuthibitisha umahiri wake, kisha akaiweka bastola kabatini, hana sababu ya kutarajia zaidi ya hapo. Risasi nyingine zinakwenda wapi? Risasi ya kawaida ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi na inatoka mtutuni kwa karibu mita 350 kwa sekunde. Bati la kibanda haliizuii, mbao haiizuii, mlango wa daladala pia hauizuii. Manzese au Mathare, nyuma ya kibanda cha wakala kuna mama anakaanga chapati, na nyuma yake kuna kibanda kingine. Shotgani ina shida ya namna yake: gololi zake hutawanyika takriban sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja, hivyo mita 7 mbele zimeenea upana wa sahani ndogo, na mita 25 mbele baadhi yake zimeshamkosa mlengwa na kuendelea na safari.

Kuna jambo jingine wanaotetea silaha hulikwepa: bunduki yenyewe ni mali inayowindwa. Julai 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, wakaua watu kadhaa wakiwemo askari wanne, wakaondoka na bunduki. Agosti 2016 askari wanne waliuawa nje ya tawi la benki huko Mbande, Mbagala, na silaha zikaporwa. Tarehe 25 Agosti 2021, karibu na Ubalozi wa Ufaransa, mtu mmoja aliwapiga askari kwa bastola, akachukua bunduki zao na kuendelea kuua nazo. Walikufa askari watatu na mlinzi wa kampuni binafsi. Askari waliokufa siku hizo walikuwa na silaha na mafunzo, na wengine walikuwa na wenzao ubavuni. Walichokosa ni onyo. Mvamizi ndiye anayechagua saa na mahali, na mwenye bunduki inayoonekana ndiye wa kwanza kupigwa. Ukitaka kumbebesha mlinzi wa usiku shotgani peke yake mbele ya duka, chini ya taa inayommulika yeye na kuacha barabara gizani, ujue umemwekea jambazi zawadi mbili: bunduki na duka.

Kenya imejaribu njia nyingine kwa upande wa fedha zinazosafirishwa. Walinzi wa kampuni binafsi kwa kawaida hawabebi bunduki. Magari ya kusafirisha fedha husindikizwa na polisi wenye silaha. Faida yake ni kwamba silaha zinabaki mikononi mwa serikali na mwenye kuifyatua anajibu kwa mkuu wake. Udhaifu wake ulionekana Septemba 2019 jijini Nairobi, pale watu waliovalia sare za polisi walipojifanya wasindikizaji, wakaondoka na shilingi milioni 72. Bunduki ya msindikizaji haisaidii kitu ikiwa hakuna aliyemhakiki msindikizaji.

Kuhusu baada ya risasi, watu husema kirahisi “bora kesi kuliko kaburi”. Ni kweli, lakini waijue kesi yenyewe. Nguvu inayokubalika inapimwa kwa hatari iliyokuwepo sekunde ile ya kufyatua. Jambazi aliyegeuka na kukimbia na mkoba, ukimpiga mgongoni, hatari kwa maisha yako ilikuwa imeshaisha, na daktari atakayeuchunguza mwili ataandika risasi iliingilia wapi. Tanzania, anayeshtakiwa kwa mauaji hapati dhamana. Anakaa mahabusu hadi shauri lifike Mahakama Kuu na kwisha, au upande wa mashtaka ubadilishe shtaka. Kenya, Katiba ya 2010 inaruhusu dhamana kwa makosa yote isipokuwa kukiwa na sababu nzito. Kibanda kitakuwa kimefungwa muda wote huo, na bastola itakuwa kielelezo polisi. Zaidi ya hapo, leseni ni ya mtu. Ukimwachia bastola kijana wako wa dukani wakati umekwenda benki, kosa ni lenu wote wawili hata asipofyatua.

Kwa maoni yetu, basi, silaha inastahili kwa mwenye kizuizi na haistahili kwa mwenye mkoba. Mnunuzi wa dhahabu mwenye chumba cha tofali, mlango wa chuma na sanduku la fedha lililofungwa sakafuni, mahali ambapo msaada uko mbali, ana sababu nzuri ya kuomba leseni. Kizuizi kinampa zile sekunde ambazo pikipiki inamnyima wakala. Wakala wa kibandani anayetembea usiku hana kizuizi, na bastola haimpi.

Huyo wa pili anaokolewa zaidi na mambo yasiyo na sifa yoyote. Kiasi cha fedha taslimu kibandani kipangiwe kikomo, na kikifika, ziada iende kuwa floti, yaani salio la kwenye simu: badilishana na wakala jirani anayehitaji noti, au peleka kwa wakala wa benki mchana, mara mbili au tatu, saa tofauti na njia tofauti. Sanduku lenye tundu la kudumbukizia, ambalo ufunguo wake hauko kibandani, liwekwe pamoja na maandishi ya kusema hivyo yanayosomeka toka nje. Kufunga kuwe kabla giza halijaingia, na wakati wa kufunga mkoba wa pesa usionekane kabisa, kwa sababu wanaovamia huwa wamekaa siku kadhaa kwenye kijiwe cha jirani wakiangalia. Mara nyingi pia taarifa inatoka ndani, kwa mtu anayejua siku ya pesa nyingi. Bastola haimjui huyo. Na panapotokea uvamizi, kuwe na bahasha ya noti za kutoa haraka. Laki tatu ni hasara ya wiki kadhaa, na inalipika.

Aliyeamua kumiliki, kwa sababu zinazoeleweka, afanye mambo machache bila kuchoka. Kuondoa risasi kuna mpangilio wake: magazini, kile kibebeo cha risasi, itoke kwanza, kisha slaidi ivutwe, kisha chemba iangaliwe kwa jicho na kuguswa kwa kidole. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini anaitoa risasi moja na kuingiza nyingine, anaona moja imeanguka anadhani kwisha, na hapo ndipo mtoto au mwenzake hupigwa. Mtutu muda wote uelekee mahali ambapo risasi ikitoka haitadhuru mtu; kwenye nyumba ya mabati mahali hapo ni ndoo au pipa lililojaa mchanga. Mwenye kutoa na kurudisha risasi ileile chembani kila jioni na asubuhi aibadilishe, maana kichwa chake husukumwa kidogo kidogo ndani ya ganda, na siku ya kufyatuliwa presha hupanda kupita kiasi. Kwenye joto na chumvi ya Tanga au Mombasa, bastola inayokaa kwenye tumbo lenye jasho hushika kutu. Ifutwe kila wiki na ipakwe mafuta mepesi, si mafuta ya kupikia, ambayo hugandana na kuifanya slaidi igome. Ikigoma ukiwa kwenye mazoezi, gonga kitako cha magazini, vuta slaidi hadi mwisho na uiachie yenyewe bila kuisindikiza kwa mkono. Usiku ikae kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa bolti ukutani, risasi mahali pengine, ufunguo usijulikane na mtu wa kazi.

Kamati zinazopitisha maombi kwa kawaida huuliza mwombaji ni nani na ana tabia gani. Zingemwongezea ombi moja: aonyeshe mahali silaha itakapokaa, picha ya mlango, kisanduku na ukuta, na aeleze risasi ikikosa itaishia wapi. Asiye na jibu la swali hilo hajawa tayari kuwa na bastola mahali pale, hata awe mtu mwema kiasi gani.