Kutwa, lakini alale kwa nani?

Kila matokeo yakitoka na barua za kuitwa shule zikianza kupita mikononi, mabarazani Amu, mji wa Lamu, huzuka bishano lile lile: binti apelekwe bweni au asome kutwa? Safari hii limechochewa na shule za kibinafsi za wasichana, zile zenye upande wa bweni na upande wa kutwa chini ya mwalimu mkuu mmoja. Mzazi anaulizwa pale pale ofisini, kabla hata ya kukaa: bodi au dei? Wanaopinga bweni wana neno fupi la kumaliza kazi: "Binti hulala kwao." Ni neno zuri. Nami nimelisema sana, mpaka siku nilipojiuliza kwao ni wapi.

Kwa msichana wa Mkomani au Langoni, shule ni dakika kumi kwa miguu, na punda wa mchanga wakiziba njia, kumi na tano. Huyo sina la kumwambia, akalale kwa mamake. Lakini wa Faza je, kisiwani Pate? Wa Kizingitini, wa Kiunga karibu na mpaka wa Somalia? Watu wa bara hutuuliza mbona shule isinunue boti kama wenzao wanavyonunua mabasi. Tatizo si boti. Maji hujaa na kupwa yakichelewa kama dakika 50 kila siku, na mlango wa Mkanda, mkondo zinamopita boti, una kina kifupi, ukikuta maji yametoka unasubiri yarudi. Boti inayofika na kengele ya kwanza Jumatatu kwa kufuata maji, Ijumaa ingefika saa tatu na zaidi baadaye, hesabu imeshafutwa ubaoni. Na hapo upepo wa kusi haujaanza kuvuma.

Kwa hiyo binti wa huko mbali "anayesoma kutwa" mjini hulala kwa shangazi, kwa mamake mdogo, kwa mtu aliyewahi kukaa na babake. Ndiyo maana naona mabaraza yanabishana juu ya msichana asiyekuwepo. Najua ninachosema, kwa sababu shangazi mwenyewe ni mimi.

Mtoto wa kaka yangu alikaa kwangu miaka miwili ya kwanza ya sekondari. Hakuna aliyemnyanyasa. Alikula tulichokula, akapewa kitanda kizuri kuliko cha wanangu. Lakini nyumba ina kazi zake, na mgeni mwenye adabu hakai akiangalia wenyeji wakifanya. Akirudi saa kumi atundike buibui, amshike mdogo, aende chuo cha Kurani, arudi magharibi, kisha jikoni. Jioni moja nilimkuta amekalia mbuzi, anakuna nazi, daftari la bayolojia limefunguliwa juu ya goti, amelikandamiza kwa kifuu ili upepo usifunue. Ukurasa ulikuwa na mchoro wa moyo, mishipa imetiwa rangi nyekundu na buluu, na chembe za nazi zimeujaa. Nami nilimwambia nini? "Angalia usijikate." Ndiyo yote niliyosema.

Hebu tuzihesabu saa. Bwenini, baada ya isha, kuna prepu, masomo ya usiku: tuseme saa mbili kila usiku, siku tano. Hizo ni saa 10 kwa wiki, na kwa muhula wa wiki 13 ni saa 130. Kipindi cha sekondari ni dakika 40, basi ni sawa na vipindi 195 vya ziada katika muhula mmoja, chini ya taa, mwalimu wa zamu akipitapita. Najua wapo wanaosinzia, na wapo wanaoandikiana barua chini ya meza. Toa nusu. Zinabaki saa 65, na mwanangu yule wa mbuzi hakupata hata 20. Nimeipiga hesabu hii mara nyingi kuliko inavyofaa, na kila mara naiona ile nazi.

Hoja ya dini ndiyo nzito, na wanaoitoa si watu wa kupuuzwa. Wanasema binti asilale wala asisafiri mbali na maharimu wake, yaani ndugu asioweza kuoana nao. Sawa. Ila tuangalie nyumba ya shangazi kwa kipimo hicho hicho. Mume wangu si maharimu wa mtoto wa kaka yangu. Wanangu wa kiume ni binamu zake, halali kumuoa, na huku kwetu binamu kuoana si habari ya kushangaza. Kwa hiyo msichana yule alikaa na mtandio kichwani tangu alfajiri hadi anapofunga mlango wa chumba, miaka miwili, ndani ya nyumba tunayomwambia ni kwao. Bwenini wapo wanawake peke yao. Wanavua mitandio, wanasukana nywele, wanacheka kwa sauti, wanaswali jamaa kwa safu zao. Ama safari, ameshasafiri tayari. Boti ya kwenda kwa shangazi ni ile ile ya kwenda bodi.

Kuhusu maisha yenyewe ya shule ya namna hii, watu wa nje hudhani wa bweni na wa kutwa ni makabila mawili. Kwa kiasi ni kweli, kila upande una utani wake. Lakini wa kutwa ndio posta ya wa bweni. Asubuhi mkoba unaingia na mahamri, viazi karai na achari ya embe iliyofungwa mara tatu isivuje kwenye vitabu, na jioni unatoka na salamu za kupelekewa mama gatini. Matroni anajua. Akikamata, hukamata achari, mahamri huyaacha.

Sasa upande wa pili, na hapa siwezi kupita mbio. Machi 1998, wasichana 26 walikufa kwa moto bwenini, shule ya Bombolulu, huku huku Pwani. Madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024, wavulana 21 walikufa kwa moto shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, na baadaye serikali ikafunga sehemu za malazi za shule 348 za msingi. Kati ya mikasa hiyo miwili, mwaka 2008, wizara ya elimu ilitoa kanuni za usalama zilizo wazi kabisa: milango ya bweni ifunguke kwa nje na iwe na upana wa futi 5, madirisha yasiwe na vyuma, kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2. Kinachonitisha ni kwamba shule ya wasichana ndiyo yenye kishawishi kikubwa cha kuzivunja kanuni hizo. Sisi wazazi ndio tunaoomba vyuma. Sisi ndio tunaomsifu mwalimu mkuu mwenye kufuli kubwa. Tunasema tunamlinda binti, kumbe tumemfungia pamoja na moto.

Mengine yanayosemwa juu ya bweni, kwamba watoto wanarudi wakizungumza Sheng na hawajui kupika wali wa nazi, nayakubali bila ya kukosa usingizi. Wali hufundishwa likizoni.

Karo ni jambo jingine. Shule ya umma ilipangiwa mgao wa serikali, shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka tangu 2018; ya kibinafsi haipati senti, kila kitu kiko juu ya mzazi. Na muhula wa pili hufunguliwa kusi likianza kukaza, wakati mashua nyingi zimepandishwa ufuoni na mvuvi hana cha kuuza. Karo inadaiwa katika mwezi ule ule bahari inapofunga. Shule inayoanzishwa Lamu na kudai malipo kwa kalenda ya Nairobi imeshachagua watoto wa nani itawasomesha, hata kama haijasema. Hapa wapinzani wa bweni wana haki kunizidi, na sina jibu la jumla.

Ila kulifuta bweni si jibu. Shule za Basuba, upande wa bara wa Lamu, zilipofungwa kwa ajili ya usalama kuanzia 2014, bweni la Mokowe ndilo lililowapokea baadhi ya watoto wa Waaweer, wenyeji wa msitu wa Boni. Novemba 2022 wizara ilitangaza kuondoa bweni kuanzia gredi ya 1 hadi ya 9. Ukikaa Nairobi unaweza kutangaza hivyo. Na sasa gredi ya 10, mwanzo wa sekondari ya juu, ina mikondo yake, sayansi huku, sanaa na michezo kule, na si kila shule ina yote. Wasichana wa visiwani watavuka maji zaidi, si kidogo.

Kaka yangu alikuwa wa mwisho kukubali. Tulipompeleka binti yake kidato cha tatu, hakuingia ofisini. Alisimama nje ya bweni, kwa kuwa wanaume hawaingii, akamwomba matroni aufunge mlango kisha ausukume kutoka ndani. Mlango ukamjia, akarudi hatua moja nyuma. Akauliza ufunguo wa usiku hukaa kwa nani. Matroni akamwonyesha komeo, liko ndani, halina mahali pa kufuli.

Ndipo akaenda kwa mhasibu. Alilipa nusu, nyingine wakaandikiana ilipwe Oktoba, kusi likiwa limekwisha.