Siku Mheshimiwa Alipoitembelea Shule

Punda wetu anaitwa Mheshimiwa. Jina alimpa baba, kwa sababu hajawahi kukimbia tangu azaliwe, akisimama njiani kila mtu husimama, na ukimsemesha hutazama mbali kama mtu anayewaza bajeti ya mwaka ujao. Kijijini jina hilo halikumsumbua yeyote. Hata mtoto mdogo ukimwambia "kampe Mheshimiwa maji" anajua achukue ndoo ipi.

Tatizo ni kwamba sisi ni watu wa Chamwino, na Chamwino ndiko iliko Ikulu. Waheshimiwa wa aina ile nyingine, wale wa magari, hawakauki barabara kuu. Mtumishi wa serikali akihamishiwa huku hupata ugonjwa mmoja: akilisikia neno hilo huchomekea shati kabla hajauliza ni nani.

Oktoba 2024, siku ya kwenda kuzungumza mahari yangu. Nyumbani kwa binti ni kijiji cha pili. Mshenga na baba mdogo walitangulia alfajiri kwa bodaboda. Shangazi akaikataa bodaboda. Alisema mwanamke anayekwenda kupunguza ng'ombe hawezi kuteremka mbele ya wakwe akiwa amepanua miguu. Na bila Shangazi hakuna mazungumzo. Mshenga wetu anajua methali, ila anayejua hesabu ni Shangazi. Ikabidi nimfungie Mheshimiwa mkokoteni, nikatandika godoro, juu ya godoro mkeka, juu ya mkeka Shangazi, juu ya Shangazi mwavuli mwekundu.

Mimi kazi yangu ilikuwa udereva tu. Mwoaji hakai kusikiliza anavyopangiwa bei. Nilitakiwa kumfikisha kwenye mbuyu ulio karibu na kwao, wampokee, nigeuze.

Usiku wa kuamkia safari Shangazi hakulala. Alikuwa chumbani anafanya mazoezi ya kubishana, peke yake, kwa sauti mbili, na nilimsikia mara kadhaa akishindwa. Kwa hiyo hata hatujayamaliza mashamba ya zabibu, kidevu kilikuwa kimeshashuka kifuani, mwavuli umesimama wenyewe.

Pale njia panda ya dukani ndipo nilipomwona Injini.

Injini tulikaa dawati moja tangu la kwanza mpaka la saba. Jina alilipata kwenye mchakamchaka, maana yeye ndiye aliyekuwa mbele akianzisha nyimbo, sisi mabehewa nyuma na vumbi letu. Alikwenda Dar es Salaam, akapotelea huko miaka. Kumbe usiku wa jana yake alikuwa ameshuka Dodoma na ile treni ya umeme. Zamani basi lilikuwa likitumaliza kutwa nzima. Yeye anasema amefika hajamaliza karanga alizonunua stesheni.

"Mbukwa!" akapiga kelele. Nikajua ananisalimia mimi. Akanipita, akamkumbatia punda shingoni.

"Huyu ndiye yeye? Mheshimiwa yule yule? Mimi nilishajua mlimuuza kwa wale watu wa ngozi."

Nikamwambia baba angeuza nyumba kwanza. Miaka ile wanunuzi wa ngozi walipozagaa, punda wanaibwa zizini usiku ngozi zikachemshiwe dawa huko China, baba alihamishia kitanda chake uani, kamba ya Mheshimiwa akaifunga kwenye kifundo cha mguu wake mwenyewe. Mama hakupendezwa. Halafu Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika wakakutana Addis Ababa, wakakubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Baba aliisikia redioni. Akainuka, akatoka nje usiku ule ule kwenda kumwambia mhusika.

"Akasemaje?"

"Alitazama mbali."

Injini akacheka mpaka akakaa chini kwenye benchi la duka. Na mimi nikakaa, dakika mbili tu. Shangazi analala, jua bado halijakaza, Mheshimiwa amesimama kivulini. Mtu mzima mwenye akili zake angekaa.

Akaanza kuuliza mifugo mmoja mmoja kwa jina, watu baadaye. Yule ng'ombe wa pembe moja yupo? Yupo, ana wajukuu. Na yule beberu aliyekula barua ya uhamisho ya mwalimu, mwalimu ikabidi abaki mwaka mzima? Tulimla Krismasi. Kimya kidogo. Injini akasema yeye Mbagala alijaribu kufuga jogoo chumbani, apate angalau sauti ya nyumbani alfajiri. Mwenye nyumba akaja, akasema ninyi wawili mmoja ahame. Injini anaapa alifikiria siku tatu.

Tukafika kwa Kiranja, mbwa wake wa enzi zile. Kiranja alikuwa anamfuata shuleni kila siku, anakimbia mchakamchaka wote, kisha anasimama mstarini mwisho kabisa. Wakati wa kuhesabu namba, wa mwisho akishataja yake, Kiranja anabweka. Mwalimu wa zamu aliiandika ile namba kwenye daftari la mahudhurio wiki nzima. Siku Kiranja alipougua, tukachapwa darasa zima tumtaje mtoro.

Unaona mambo hayo? Huwezi kuyakatisha katikati. Tulikumbushana maharage yenye wadudu tuliokuwa tunawaita nyama, tukakumbushana kuni na maji. Maana shule yetu haikuwa na bomba, na ni Mheshimiwa huyu huyu, kijana wakati ule, aliyekuwa akipeleka madumu ya maji jikoni. Kila siku alifika saa nne, kengele ya uji inapogongwa, na mpishi alimkwangulia ukoko wa sufuria kubwa. Bomba lilipokuja alistaafishwa bila mafao.

Ndipo kwa mbali tukasikia ile kengele. Ni rimu la lori limening'inizwa kwenye mwembe, halijabadilishwa mpaka leo. Ngo, ngo, ngo.

"Sikiliza," Injini akasema, amefumba macho. "Uji huo."

Tukaisikiliza yote mpaka ikaisha, wanaume wawili wazima, tumefumba macho. Tulipoyafumbua, kivulini hapakuwa na punda, wala mkokoteni, wala Shangazi.

Tukakimbilia upande wa kwa wakwe, maana ndiko safari ilikokuwa inaelekea. Injini mbele, mimi behewa. Tulipofika kwenye korongo tukaona mchanga safi, hauna alama ya tairi hata moja. Tukarudi mbio, na dukani tukakuta alama zimekata kushoto, zimenyooka bila wasiwasi wowote kuelekea shuleni.

Yaliyofuata nimesimuliwa na mpishi, na mpishi ni mtu mkweli ila anapenda kurudia vipande vitamu.

Watoto wa la kwanza walikuwa uwanjani na vikombe vyao. Wakamwona rafiki yao kwa mbali. Wakaanza kurukaruka: "Mheshimiwa anakuja! Mheshimiwa anakuja!"

Mwalimu Mkuu alikuwa ametoka Kagera, hajamaliza hata mwezi kwetu. Yuko ofisini anakunywa chai, dirisha linatazama ua wa minyaa. Anasikia watoto, anainua macho, anaona juu ya minyaa mwavuli mwekundu unapita taratibu. Taratibu sana, na kwa heshima. Mtu wa kawaida hashikiwi mwavuli kwa mwendo ule. Chai ikamwagika. Shati likachomekewa. Akampigia simu mwenyekiti wa kamati ya shule: "Mheshimiwa ameshaingia, hakuna taarifa, njoo upesi!" Rimu likagongwa mfululizo. Walimu wakatoka na chaki masikioni, paredi ikasimama, kwaya ikaanza kuimba karibu mgeni, na Mwalimu Mkuu akatokea mbele kabisa, kitabu cha wageni kwapani, mkono umeshanyooshwa.

Masikio yalitangulia getini.

Mpishi anasema Mwalimu Mkuu aliyatazama yale masikio muda mrefu. Lakini kwaya ilikuwa imeshafika ubeti wa pili, watoto zaidi ya mia nne wanapiga makofi, na juu ya mkokoteni kuna mama mtu mzima, mvi, amevaa kanga mpya. Mtu wa Kagera hana tabia ya kumgeuza mzee aliyeimbiwa. Mkono ukabaki umenyooka.

Shangazi akaamka. Akaona umati, wimbo, makofi, mwanamume nadhifu amenyoosha mkono. Akajua tumefika kwa wakwe. Baadaye aliniambia wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba watu hawa wana watoto wengi mno, hapa lazima bei ishuke. Akateremka, akapiga kigelegele, akatoa hotuba ndefu ya Kigogo ya kuusifu ukoo wa binti, mababu zao, mashamba yao na tabia za mama zao. Watoto wakashangilia kila kituo. Mwalimu Mkuu, ambaye Kigogo kilikuwa bado, alitoa kalamu akawa anaandika maagizo.

Wakamketisha kwenye kiti chenye kitambaa. Mpishi, rika lake, akamletea soda na kumnong'oneza: "Wewe, hapa ni shuleni." Nilimuuliza Shangazi kwa nini hakuinuka pale pale akaomba radhi akaondoka. Akanijibu soda ilikuwa imeshafunguliwa.

Wakati huo Mheshimiwa alikuwa amejiendesha na mkokoteni wake hadi mlango wa jikoni, anasubiri ukoko. Akapewa. Mpishi anasema alilia kidogo, mpishi, si punda.

Sisi tuliingia getini tumelowa jasho, Injini kiatu kimoja mkononi, tukakuta Shangazi amesimama tena. Alikuwa ameombwa aseme neno kuhusu chakula cha wanafunzi, maana uji unategemea michango ya wazazi, na Oktoba ghala huwa linasikika mwangwi. Alikuwa amechangamka. Nadhani ni makofi. Mtu akipigiwa makofi ya watoto mia nne asubuhi, mkono wake haufungi tena.

"Magunia mawili ya mtama," akasema, kidole kikinielekea, "yatatoka kwa mwanangu yule pale anayehema."

Mwalimu wa zamu akaagiza makofi ya kilo. Nikapigiwa.

Na katika kupigiwa, nikamwona mwenyekiti wa kamati ya shule anateremka kwenye bodaboda, koti limevaliwa nje ndani, amewaacha wageni wake nyumbani waje wapokelewe na mke wake, kwa kuwa ameitwa haraka kumlaki Mheshimiwa. Mwenyekiti wa kamati ya shule ni baba wa binti. Alinitazama, akatazama jikoni, akamtazama Shangazi mwenye soda. Kisha akapiga makofi na yeye, polepole, uso wa mtu anayejumlisha.

Kitabu cha wageni kililetwa. Nilikiona kwa macho yangu. Jina akaandika vizuri. Cheo: Shangazi. Sababu ya ujio: Kuletwa na Mheshimiwa. Maoni: Uji mzuri, sukari hamna. Saini yake ilimeza mistari miwili.

Mazungumzo ya mahari yalianza saa saba mchana, mimi na Injini tumejibanza nyuma ya ukuta wa zizi, jambo lisiloruhusiwa, lakini siku hiyo sheria zilikuwa zimeshachoka. Upande wetu ulikuja na mpango wa ng'ombe wanane. Mshenga akafungua kwa methali tatu. Mzee akazisikiliza zote, kisha akasema yeye si mtu wa maneno mengi, ila ukoo unaogawa magunia ya mtama mbele ya paredi kabla hata ya saa tano asubuhi haumwambii yeye habari za ng'ombe wanane. Kumi na wawili.

Shangazi alipigana. Nilisikia zile sauti mbili zote za usiku. Akamshusha hadi kumi na mmoja, akamshusha hadi kumi, tukaanza kupeana mikono huku nyuma ya ukuta. Mzee akakubali kumi, ila akaomba kitu kidogo tu cha kufunga mazungumzo: yule punda.

Kimya. Tukasikia mwavuli unafungwa, pa.

"Andika kumi na mmoja," Shangazi akasema. "Yule hatoki."

Mzee akasema basi wawe kumi na wawili, kwa heshima ya jina lake. Na Shangazi, niliyembeba kwenye godoro ili akapunguze, akasema sawa.

Ndoa imepangwa baada ya mavuno. Magunia mawili yalishafika shuleni, na mletaji aliingia getini saa nne kamili bila kuongozwa na mtu, akapewa ukoko wake. Injini amesogeza likizo yake ili awepo. Mwalimu Mkuu naye tumempelekea kadi. Amejibu kwamba atafurahi sana kuhudhuria, lakini anaomba kwanza aandikiwe kwa barua mgeni rasmi ni nani, na ana miguu mingapi.