Moshi mjini Moshi

Wadau, acheni kunitumia ile klipu ya gari langu likifuka moshi kwenye msafara wa harusi, kana kwamba sijaiona. Nimeiona. Imeingia kwenye magrupu yangu manne, likiwemo la kwaya. Aliyeirusha ni rafiki yangu kabisa, aliyekula ndafu meza moja na mimi siku hiyohiyo, na hayo maneno aliyoyaweka chini yake, "Moshi mjini Moshi", yamenichekesha hata mimi niliyeungua. Ila klipu ni ya sekunde 19 na inaanzia pale ninaporuka nje ya gari. Ya kabla ya hapo anayajua dereva tu.

Gari mnalijua. Subaru Forester SG5 ya turbo, ile ambayo mchumba wangu anaiita mke mwenzake. Juzijuzi nilifungua bomba la intakula, kile kipoza hewa ya turbo (jina lenyewe lilishatuonya kwamba litakula hela), nikakuta ndani kumelowa oili. Sasa, injini yoyote ina moshi unaopenya kando ya ringi za pistoni na kushuka chini kwenye oili. Kiwandani wameweka vali ya PCV ili injini iuvute tena iuchome. Kwenye turbo, ukikanyaga mafuta hiyo vali inajifunga, na moshi na oili yake vinatafuta njia kupitia mpira mwingine unaoingia mbele ya turbo. Ndiyo maana kunalowa. Wenye akili hufunga kopo la kudakia oili hapo katikati, maisha yanaendelea.

Mimi nikaangalia video. Jamaa anang'oa mipira yote, anaziba tundu la manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye injini), kisha anachomeka bridha, vichujio vidogo vinavyong'aa, juu ya tapeti kava, kile kifuniko cha kichwa cha injini, ili injini ipumue hewani kama binadamu. Mbili elfu 20. Ungekuwa wewe?

Fundi wangu wa Pasua alizigeuzageuza mkononi, akanirudishia. "Huyo wa kwenye video injini yake imesimama, tapeti kava iko juu kabisa. Yako imelala, tapeti kava ziko ubavuni, kushoto na kulia. Oili ikiyumba itatokea wapi?"

Nikamwambia, "Fundi, nyie mmezoea Land Rover." Nakiri niliyasema hayo maneno.

Nikafunga mwenyewe Alhamisi usiku kwa tochi ya simu. Nikaongeza na oili kidogo juu ya alama, kwa mapenzi tu. Ijumaa nikaenda Himo na kurudi: silensa imetulia, hakuna hata tone. Barabara ya Himo kwa sehemu kubwa imenyooka. Kumbukeni hilo.

Jumamosi ilikuwa harusi ya binamu yake mchumba wangu. Nikapewa heshima ya kumbeba mama mkwe mtarajiwa na mashangazi wawili, wote sare ya zambarau na vilemba vya kupita dari. Mama kakaa mbele, kushoto kwangu. Matarumbeta kwenye pikapu mbele yetu, mpiga video kakaa nyuma ya hiyo pikapu akitutazama sisi. Tukafika Mnara wa Saa, na kama kawaida ya harusi zetu, msafara ukaanza kuzunguka kipilefti.

Raundi ya kwanza nikapiga resi kidogo, watoto wakashangilia. Mama akatabasamu. Nikajiona mkwe.

Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kipilefti unakizunguka ukikata kulia mfululizo, na kila kilicholegea ndani ya gari kinakimbilia kushoto. Mkoba wa shangazi ulikwenda kushoto. Chupa ya maji ikaenda kushoto. Na chini ya boneti, lita nne na ushee za oili zikafuata wenzake, zikakuta tundu wazi lenye kofia nzuri ya kung'aa. Chini ya hilo tundu linapita bomba la eksozi.

Raundi ya pili shangazi mkubwa akanusa. "Ndafu imeshafika?"

Nikaona uzi mweupe unatoka kwenye mwanya wa boneti, upande wa mama. Mwembamba, wa adabu. Mama naye akauona. "Baba, hii ni kawaida?"

"Kawaida mama, ni turbo."

Raundi ya tatu lile tundu la juu ya boneti, mnalolisifiaga, likaanza kupumua kama jiko la kuni lililomwagiwa maji. Barabarani watu wakapiga makofi, wakadhani ni mbwembwe za harusi! Trampeti ikapandisha. Kisha moshi ukaanza kuingia ndani kupitia AC, taratibu, tundu baada ya tundu, la mama likiwa la kwanza. Nikanyoosha mkono nizuie hewa ya nje. Mkono ukatetemeka. Nikashika kitufe cha feni nikakizungusha mpaka mwisho.

Wadau. Kilemba cha mama kilitoweka. Nakwambieni nilikuwa nasikia kikohozi tu na sauti ikisema, "Yesu wangu, nilikuja harusini."

Hapo ndipo klipu inapoanzia. Ndiyo, nilitoka wa kwanza. Nilitoka nikafungue boneti! Kwamba nilifika hadi upande wa pili wa barabara kabla ya kukumbuka boneti iko wapi, hilo tuliache. Nyuma mashangazi wanavuta vitasa, na milango ya nyuma nilishaifunga kufuli ya watoto wiki iliyopita kwa ajili ya mpwa wangu. Waliofungua ni madereva wa bajaji. Mmoja akaja na mtungi wa kuzimia moto, ingawa moto haukuwepo, akapuliza boneti na upepo ukamsaidia kufika kwenye sare. Zambarau ikawa vumbi la unga. Matarumbeta hayakukatika hata sekunde moja.

Gari likavutwa. Fundi hakuniambia kitu, alitoa tu vali ya PCV kwenye droo, alikuwa ameniwekea. Vioo nimefuta mara tatu na bado vina mafuta. Bridha nauza, wadau, zimetumika siku tatu tu.

Posa ni Jumamosi ijayo. Jana usiku mchumba kaniandikia: "Mama anauliza mtakuja na usafiri gani."

Nimeshalipia Noah ya kukodi.