Tanga haiishii Amboni na Raskazone

Asante mwandishi kwa makala yako ya vivutio vya Tanga, lakini kuishia kwenye mapango ya Amboni na ufukwe wa Raskazone ni kumnyima mgeni uhondo wenyewe.

Shika barabara ya Pangani, takriban kilomita 20 kusini, ufike Tongoni. Pana magofu ya msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, mengine ya nguzo. Sogea karibu utaona vishimo vya mviringo kwenye chokaa. Humo ndimo zilimopachikwa bakuli za kauri kutoka China. Binti yangu alizunguka kaburi baada ya kaburi akivihesabu, hataki kuondoka.

Ukifika Pangani, panda boti uende Maziwe. Wazee wanakikumbuka kikiwa kisiwa chenye miti. Leo ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa linazama. Na kasa bado wanapanda kutaga palepale! Wakiachwa, mayai yote yanaharibiwa na maji, ndiyo maana wenyeji huyafukua na kwenda kuyafukia upya ufukweni Ushongo, yakaanguliwa baada ya kama miezi miwili. Ukibahatika kuona vitoto vikikimbilia baharini, hutasahau. Watu hao walistahili aya nzima kwenye makala yako.

Wanaokwenda: muulizeni nahodha saa za maji kupwa kabla ya kulipa. Sisi tulichelewa kung'oa nanga, tukaukanyaga mchanga nusu saa tu, bahari ikarudi.